Nyufa Zinazofuata Nyuzi

Kibao cha duka la dawa kilikuwa na vipande viwili vya plaiwudi vilivyofungwa kwenye fremu moja ya mbao: kipande kirefu cha juu chenye jina la duka, na kipande kidogo cha chini chenye saa za kufungua na kufunga. Mwenye duka, jirani yangu hapa Kigamboni, Dar es Salaam, aliniita nikitazame kwa sababu rangi yake nyeupe, ambayo ilitoka karakana ikiwa laini na yenye kung'aa, ilikuwa imejaa nyufa nyembamba ambazo ukisimama mbali huzioni, lakini jua la jioni likipiga kwa ubavu zinajitokeza zote kwa pamoja.

"Kaka, hii rangi si ni feki?" aliniuliza.

Fundi wake alikwisha kumwambia kuwa tatizo ni rangi, na muuza rangi akamwambia kuwa tatizo ni fundi. Nilielekea kukubaliana na fundi, mpaka nilipokisogelea kibao na kuona kwamba nyufa za kipande cha juu zilikuwa za mlalo, zikikata herufi zote katikati, ilhali nyufa za kipande cha chini zilikuwa za wima, zimesimama wima kabisa. Kopo la rangi lilikuwa moja, mkono uliopaka ulikuwa mmoja, na jua lililovipiga vipande vyote viwili lilikuwa lile lile.

Rangi ya kopo moja haiwezi kuchagua kupasuka kwa mlalo hapa na kwa wima pale.

Nilipozunguka nyuma, ambako hakukupakwa chochote, niliona kilichotofautiana. Kipande cha chini kilikatwa kutoka kwenye masalia ya shiti la plaiwudi na kugeuzwa, hivyo nyuzi zake za mti zilisimama wakati nyuzi za kipande cha juu zimelala. Nyufa zilikuwa zimefuata nyuzi. Jambo hilo lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu lilimaanisha kwamba mabishano ya jirani yangu na mafundi wake yalikuwa juu ya kitu kisichohusika sana, na kwamba hata rangi ghali zaidi ingemfikisha pale pale, pengine kwa kuchelewa kidogo.

Gogo linapomenywa

Sehemu ya plaiwudi inayouzwa kwetu inatoka Mafinga, katika wilaya ya Mufindi, ambako shamba la miti la Sao Hill hutoa misindano na mikaratusi, na sehemu nyingine inaingia kwa meli. Popote itokapo, tabaka zake hupatikana kwa njia ile ile: gogo hufungwa kwenye mashine na kuzungushwa, na kisu kirefu hulimenya kama muuza machungwa anavyotoa ganda kwa utepe mmoja usiokatika. Utepe huo, ambao viwandani huitwa vinia, unatoka ukiwa umepinda kwa umbo la gogo, kisha unalazimishwa kulala bapa.

Hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Upande wa vinia uliokuwa ndani, uliogusana na kisu, unafunguka kwa mipasuko midogo midogo inayofuata nyuzi, na mipasuko hiyo haiondoki kwa gundi wala kwa mashinikizo. Kiwanda makini huulaza upande uliofunguka kwa ndani na kuuweka upande uliojikaza kwa nje, jambo linalosaidia, lakini vinia ya juu mara nyingi haifiki hata milimita 1 ya unene, na kabla shiti halijatoka kiwandani inapigwa msasa na kupunguzwa zaidi.

Ulaini unaoupapasa dukani, basi, ni ngozi nyembamba iliyokaa juu ya mipasuko iliyokuwapo tangu gogo lilipomenywa.

Mti una tabia nyingine ambayo kila seremala anaijua kwa mikono yake. Ukikauka kutoka ubichi hadi ukavu kamili, hupungua kwa urefu asilimia 0.1 hadi 0.2 tu, yaani karibu hakuna, lakini kwa upana unaofuata duara la gogo, miti mingi hupungua asilimia 6 hadi 10. Vinia iliyomenywa ina upana huo huo wa duara, ule unaosinyaa kuliko yote. Plaiwudi imeundwa kulizuia hilo: tabaka la pili limelazwa kukingama na la kwanza, la tatu kukingama na la pili, hivyo kila moja linamshika jirani yake asivimbe wala kusinyaa apendavyo. Ndiyo maana shiti la futi 4 kwa 8 halipindi wala halipasuki kama ubao mpana wa mti mmoja.

Lakini vinia ya juu haijaacha kutaka kusinyaa. Imezuiwa tu. Usiku wa pwani huleta umande na unyevu, vinia inavimba. Mchana jua linaipiga, inataka kurudi, na tabaka lililo chini yake linaikatalia. Mvutano huo, ukirudiwa kila siku, hutafuta mahali pa kutokea, na mahali palipo tayari ni ile mipasuko ya kisu. Inafunguka kidogo, inafunga, inafunguka zaidi. Rangi iliyokaa juu yake inavutwa kila mara.

Rangi inayozeeka

Rangi ya mafuta, ambayo mafundi wetu wengi huipenda kwa vibao na milango, hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani, na haiachi kukauka siku tunayosema imekauka. Inaendelea kuwa ngumu mwaka hadi mwaka, na kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo inavyopoteza uwezo wa kunyumbuka. Rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje (sizungumzii ile ya bei nafuu ya kupaka kuta za vyumbani) hubaki na mnyumbuko kwa muda mrefu zaidi, na praima ya akriliki, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, juu ya plaiwudi huzifuata nyufa changa bila kukatika haraka.

Nimewahi kumwambia fundi mmoja wa rangi jambo hili akanijibu, kwa haki kabisa, kwamba rangi ya maji haijilazi. Ukiipaka kwa brashi inabaki na mistari, ilhali rangi ya mafuta hutulia yenyewe na kuacha uso unaoakisi sura ya mtu, na mteja analipia sura hiyo. Sikuwa na jibu la kumshinda. Rola ya sponji na koti jembamba la rangi hupunguza mistari, lakini mng'ao wa rangi ya mafuta siku ya kwanza haupatikani kwa urahisi huo.

Kwa muda nilidhani suala lote ni kuchagua kati ya mng'ao na uimara, na kwamba makala hii ingekuwa fupi.

Puti nyeupe

Kilichonibadilisha ni puti. Kwa jirani yangu, ukiichokonoa rangi mahali ilipoinuka, chini yake hukuti mti. Unakuta unga mweupe, laini na wenye unyevu. Fundi alikuwa ameupaka ubao wote puti ya ukutani, ile ya kukorogwa kwa maji, akaipiga msasa mpaka ikawa kioo, na juu yake ndipo akapaka rangi.

Ni rahisi kumlaumu, lakini ukitazama alichokuwa anakabiliana nacho utamwelewa. Plaiwudi ya kawaida ina vinyweleo, ina viraka vya kiwandani, ina mikwaruzo, na rangi inayong'aa huonyesha kila kasoro iliyo chini yake. Puti ya ukutani ni nafuu, hukauka upesi na inakubali msasa bila kelele. Ndani ya nyumba, kwenye dari au kabati, itadumu. Nje, nyingi kati ya puti hizo, hasa zile za jasi na chokaa, hulainika zinapopata maji, na maji yatazifikia, kwa sababu rangi ikishapata ufa mmoja mwembamba inageuka kuwa mlango wa kuingilia tu. Kutoka ni kugumu. Puti inashiba, rangi inapoteza mahali pa kushika, na jua la kesho yake linaugeuza unyevu huo kuwa mvuke unaoisukuma rangi kutoka chini.

Kwa mashimo ya skrubu na viraka vilivyobonyea, puti ya mabodi ya magari, inayochanganywa na kigumushi chake, inafaa kuliko hiyo nyeupe. Haifai kupakwa uso mzima wa ubao, kwa kuwa ni ngumu na haisogei pamoja na mti. Kwa vinyweleo vya uso mzima, nimefikia kuamini kwamba dawa ni praima nzito iliyopakwa, ikapigwa msasa, ikapakwa tena. Kazi hiyo ni ndefu, nayo haitoi ule ulaini wa kioo kwa mchana mmoja.

Kingo

Kama ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya kazi hii ya kuisimamia kwa ukali, ningeacha uso kabisa na kuchagua kingo.

Ukingo wa plaiwudi ni mahali ambapo nusu ya tabaka zinaonyesha midomo ya nyuzi zilizokatwa, na midomo hiyo hunywa maji kwa kasi ambayo uso wa ubao hauikaribii. Kwenye kibao kilichosimama, ukingo wa chini ndio hatari kuliko yote: matone ya mvua yanateremka usoni, yanakusanyika chini, yananing'inia hapo na kunywewa taratibu kwa saa nyingi baada ya mvua kukatika. Ndiyo sababu kibao kinachooza huanza kuoza chini, na ndiyo sababu tabaka huachana hapo kwanza. Mafundi wengi huupitishia ukingo brashi mara moja, koti lile lile la usoni, unanywa lote na kubaki mkavu.

Ukingo unapaswa kushibishwa. Unaupaka praima iliyolegezwa kidogo, au bora zaidi ipoksi nyepesi (utomvu unaochanganywa na kigumushi chake), unausubiri, unaupaka tena, mpaka uone haunywi tena na kimiminika kinabaki juu kikiwa kinang'aa. Mapengo ya ndani, yale matundu meusi yanayoonekana pale ambapo vinia ya katikati haikukutana vizuri na mwenzake, yanazibwa kwa ipoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao. Kisha kuna pembe: rangi haipendi kukaa kwenye pembe kali, huvutwa na kuacha koti jembamba mno pale panapogongwa na kulambwa na mvua zaidi, hivyo pembe zote zinavunjwa kwa msasa mpaka ziwe mviringo wa milimita 2 au 3 hivi.

Mashimo ya skrubu nayo ni kingo, ingawa hakuna anayeyahesabu hivyo. Toboa kabla ya kupaka, shibisha ndani ya tundu, ndipo ufunge.

Marini bodi

Wapo watakaosema suluhisho ni kununua marini. Hapa lazima tuelewane, kwa sababu kinachouzwa kwetu kama marini bodi, lile shiti lenye uso wa kahawia unaoteleza, ni ubao wa kumwagia zege. Plaiwudi ya baharini kwa maana ya kiwango cha Uingereza cha BS 1088, yenye vinia zisizo na mapengo na gundi isiyoshindwa na maji, ni kitu kingine na ni adimu madukani. Gundi ndiyo inayoamua. Fundi anayetilia shaka shiti anaweza kukata kipande kidogo na kukichemsha jikoni kwa saa kadhaa. Tabaka zikiachana ndani ya sufuria, ubao huo ni wa kabati la ndani.

Nilikuwa naidharau marini bodi kwa kazi ya rangi. Rangi haishiki juu yake, inabanduka kwa kucha. Baadaye nilisoma ushauri wa maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyofunguliwa Madison, Wisconsin, mwaka 1910, ambayo imechunguza rangi juu ya mbao za nje kwa miongo mingi. Plaiwudi iliyopigwa msasa ikawa laini, kwa mtazamo wao, ni uso dhaifu wa kupaka rangi nje kwa sababu hiyo hiyo ya mipasuko, na wanaotaka uso laini wa rangi hushauriwa kutumia plaiwudi iliyofunikwa kiwandani kwa karatasi nzito iliyoshibishwa utomvu wa plastiki. Karatasi hiyo haina nyuzi za kufunguka, na ndiyo sababu huko watengenezaji wa vibao huitegemea.

Na ule uso wa kahawia wa marini bodi ni nini? Ni karatasi iliyoshibishwa utomvu.

Si karatasi ile ile. Ya marini bodi ni nyembamba na ngumu zaidi, imekusudiwa zege lisishike, kwa hiyo na rangi pia haishiki. Hata hivyo wazo ni lile lile: kuna kitu kimekaa kati ya mti na rangi. Ukiukwaruza uso huo kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao wote ufe, bila kuutoboa, ukaufuta vumbi na kupaka praima ya kushika nyuso ngumu, unapata kibao kilaini kisichofuata nyuzi. Sharti ni kwamba shiti liwe jipya. Masalia ya saiti yamepakwa mafuta ya kuzuia zege lisigande, na mafuta hayo yakishaingia huna msasa wa kuyatoa.

Kitambaa na ipoksi

Wale wenye fedha, au wenye kibao ambacho lazima kidumu, wana njia ya mafundi wa boti. Wanalaza kitambaa chepesi cha faiba, yaani nyuzi za kioo, juu ya plaiwudi, cha gramu 130 hadi 200 kwa mita ya mraba, wanakishibisha ipoksi mpaka kiwe kama hakipo, na kuongeza koti la kujaza matundu ya mfumo wa kitambaa. Baada ya hapo vinia ya juu imefungwa pande zote mbili, mipasuko haina pa kufungukia, na msasa unafanya kazi juu ya uso ambao hauna nyuzi kabisa. Utomvu wa poliesta unaotumika kwenye faiba nyingi ni nafuu zaidi, lakini haushiki mti kwa nguvu kama ipoksi.

Unyevu wa pwani una mtego wake hapa. Ipoksi nyingi zikikauka penye unyevu huacha juu utando kama nta, usioonekana vizuri, na ukipiga msasa bila kuuosha kwanza kwa maji na sponji unausugua ndani, rangi inakataa kushika na fundi analaumu kopo. Ipoksi pia haivumilii jua; isipofunikwa kwa rangi hugeuka njano na kuwa unga.

Waunda majahazi wa pwani hii walipaka mbao zao sifa, yaani mafuta ya papa, na wakarudia kila zilipokauka. Walilinda mti dhidi ya maji na jua, na suala la uso kuwa kioo halikuwahusu. Nimejiuliza kama nasi hatudai kutoka kwa plaiwudi jambo ambalo mti haukuumbiwa. Sidhani swali hilo ni la kumaliza ubishi, kwa kuwa duka la dawa linahitaji kibao kinachosomeka na chenye heshima. Lakini kwa ukuta wa banda au mlango wa choo cha nje, ningeacha nyuzi zionekane na kulala usingizi.

Msasa, saa na majira

Kuhusu msasa sina mengi. Namba 80 ni ya kusawazisha viraka tu, kwa kuwa alama zake zitaonekana chini ya rangi inayong'aa. 120 kisha 180 inatosha kabla ya praima, na 220 kati ya koti na koti. Kuendelea zaidi ya hapo juu ya mti mtupu ni kuufunga usinywe praima. Taa ya simu ikilazwa ubavuni mwa ubao gizani huonyesha kila kasoro ambayo macho ya mchana hayazioni.

Saa ya kupaka ina uzito kuliko namba ya msasa. Ubao unaopata joto unasukuma hewa kutoka ndani yake, na hewa hiyo inatoa vipovu kwenye praima na ipoksi, kwa hiyo ni vyema kupaka wakati ubao unapoa, kivulini, mchana ukielekea alasiri, huku ukiacha muda wa koti kushika kabla umande haujaanguka na kuua mng'ao. Karibu na bahari, ubao uliokaa nje hata siku chache unaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya koti jingine, kwani chumvi iliyobaki chini ya rangi itaendelea kuvuta maji. Mimi ningepaka wakati wa kaskazi, Januari au Februari, ili kibao kiwe kimekomaa kabla ya masika. Na ningechagua nyeupe au krimu kwa usuli. Bluu iliyokolea na nyeusi huupasha ubao joto mno, na mvutano wote nilioueleza hapo juu unaongezeka.

Upande wa nyuma

Limebaki jambo la fedha, ambalo nadhani ndilo chanzo cha mengi. Fundi anayeshibisha kingo, anayepaka nyuma ya ubao koti nyingi sawa na mbele ili pande zote zivute unyevu kwa kasi moja, atatumia rangi karibu mara mbili na siku zaidi, na siku ya kukabidhi kazi kibao chake kitafanana kabisa na cha jirani yake aliyepaka puti na kung'arisha. Mteja anaona uso, analinganisha bei, anakwenda kwa wa pili. Mfumo huo unawaadhibu mafundi wazuri, na sioni kama utabadilika kwa mafundi kuhimizwa wawe waaminifu. Utabadilika mteja akijua pa kutazama.

Kwa hiyo ukiagiza kibao, patana mapema bei ya nyuma na ya kingo ikiwa kando, na umwombe fundi akuite kabla ya koti la mwisho. Kigeuze. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini. Ukiukuta mkavu, wenye nyuzi zinazokwaruza, mwambie aushibishe kwanza, na salio libaki mfukoni mwako mpaka aumalize.